Mwongozo Kamili wa Kukarabati Jiko Dar: Panga Vyombo na Mazoea Kwanza, Makabati Baadaye

Picha ninazotumiwa zinafanana. Makabati meupe yanang'aa, kaunta ni ya granaiti, taa zimefichwa chini ya makabati ya juu. Halafu juu ya hiyo kaunta pamejaa kiroba cha unga, dumu la mafuta, blenda, hotipoti tatu, beseni la vyombo na ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sinia. Mtungi wa gesi umesimama njiani kwa sababu haukuingia kabatini. Pesa imeisha, fundi kashaondoka, na mama mwenye nyumba karudi kupikia uani.

Kinachowaponza watu ni mfuatano wa kazi. Mtu anaona picha kwenye simu, anamtumia seremala, seremala anakuja kupima ukuta na kuujaza makabati kona hadi kona. Kiroba kitakaa wapi, hilo linakumbukwa siku ya kurudisha vyombo ndani. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: unaanza na yanayofanyika jikoni kila siku, na seremala anaitwa mwishoni.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kupima na kupanga, ambako ndiko kwenye kazi kubwa:

- Futi kamba ya mita 5, daftari na kalamu
- Chaki, au tepu ya karatasi kama sakafu ni ya vigae
- Maboksi makubwa matatu au manne, ya bure dukani
- Matofali au viti vya kupandishia meza wakati wa kujaribu vimo
- Pimamaji, ili usimtegemee fundi akikwambia "imekaa sawa hiyo"

Kwa ujenzi utahitaji saruji, mchanga, matofali, nondo, vigae, gundi ya vigae, mabomba, nyaya, soketi, mbao au aluminiamu, bawaba na silikoni. Usinunue chochote kati ya hivyo kwa sasa. Ukinunua sinki Kariakoo kabla ya kujua kaunta yako itakuwa na upana gani, utajikuta unajenga jiko la kulifuata sinki.

Mafundi ni wanne: mwashi, fundi bomba, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na seremala au fundi aluminiamu. Ukiambiwa mtu mmoja anafanya zote nne, mwache afanye moja.

Kama ni nyumba ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama unataka kubomoa ukuta unaobeba paa au ghorofa, ulizia kibali kwenye halmashauri ya manispaa yako kabla nyundo haijagusa kitu.

## Hatua ya 1: Lichunguze jiko kwa wiki nzima

Bandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila kinachokera kinaandikwa palepale kinapotokea: "nimezunguka meza kufuata chumvi", "hakuna pa kuweka sufuria ya moto", "nimewasha taa saa sita mchana."

Anayeandika ni yule anayepika. Katika nyumba nyingi za Dar huyo ni dada wa kazi, na ndiye asiyeulizwa kamwe. Muulize, tena kwa upole, maana hatakosoa jiko la bosi wake bila kuhakikishiwa kwamba hakuna ubaya. Mwambie tu: "Dada, ungekuwa wewe unajenga, ungehamisha nini?" Kisha nyamaza umsikilize.

Wiki hiyo iwe na Jumapili au siku ya wageni ndani yake. Jiko linalotosha chai na mkate linaweza kukwama kabisa siku ya pilau ya watu ishirini. Na kwa wanaofunga, lifikirie saa moja kabla ya magharibi: kaimati ziko kwenye mafuta, uji unachemka, tambi zinasubiri, na watu watatu wanapishana.

Tahadhari: andika unavyoishi sasa. Kama hujawahi kuoka keki, usitenge mita nzima kwa ajili ya keki utakazooka ukishakuwa na jiko jipya.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kutaja bila kusoma karatasi mambo matatu yanayowachosha zaidi, na aliyeyataja ni mpishi.

## Hatua ya 2: Toa vyombo vyote, vigawe, vipime

Toa kila kitu, hadi vifuniko vilivyopoteza sufuria zake. Tenga mafungu manne: vya kila siku, vya kila wiki, vya shughuli, na visivyotumika. Fungu la nne ligawe kwa majirani, kwa sababu kujengea kabati chombo ambacho hukitumii ni kukilipia mara ya pili.

Sasa pima vile vinavyosumbua: urefu wa mtungi wa gesi ukiwa na regulata yake juu, urefu wa dumu la lita 20, upana wa kiroba cha kilo 25 kikiwa kimesimama, urefu wa chupa ya chai, kipenyo cha sufuria kubwa kuliko zote. Kabati la kawaida la chini lina kina cha sentimita 60 kwa nje, na ndani hubaki kama 55. Sufuria ya shughuli yenye kipenyo cha 60 haiingii hata uisukume vipi. Hiyo itafutie mahali stoo au juu ya makabati.

Kanuni za kugawa nafasi ni chache:

Vya kila siku vikae kati ya kiuno na macho. Mwiko, upawa, chujio, sahani, vikombe na sufuria mbili zinazopika kila siku, mkono uzifikie bila kuinama wala kupanda stuli.

Vizito vikae chini, karibu na sakafu, bila rafu ya kuvukwa. Kiroba na dumu viachie pango lisilo na sakafu ya mbao, au ubao wenye magurudumu unaouvuta nje. Ukiweka rafu katikati ya kabati hilo, ndiyo mwanzo wa kiroba kuhamia kwenye kaunta.

Mchele, unga na viungo vikae mbali na jiko la gesi na mgongo wa friji. Joto letu linatosha kuwaamsha wadudu wa mchele, wasiongezewe jingine. Viazi na vitunguu viwe kwenye vikapu viwili tofauti vinavyopitisha hewa, na cha viazi kiwe gizani, la sivyo vinageuka kijani.

Kinu na mbuzi ya kukunia nazi mara nyingi husahaulika kwa sababu havimo kwenye picha za mtandaoni. Kama nyumbani kwako bado vinafanya kazi, vipe kona karibu na mlango wa uani.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ambayo kila chombo kina jina la mahali pake, na hakuna mahali palipoandikwa "juu ya kaunta" isipokuwa vitu vitatu au vinne.

## Hatua ya 3: Chora jiko sakafuni

Pima chumba kwa upana na urefu, mahali na kimo cha kila dirisha, na mlango unafungukia upande gani. Kisha chora kwa chaki ukubwa halisi wa kaunta, friji, sinki na jiko la gesi.

Sehemu tatu ndizo zinazotembelewa kutwa: friji, sinki, jiko la gesi. Ukijumlisha umbali wa kutoka moja hadi nyingine, mzunguko mzima uwe kati ya mita 4 na 8 hivi. Chini ya hapo mnagongana, zaidi ya hapo unatembea na chungu cha moto kama uko safarini. Kati ya sinki na jiko la gesi acha angalau sentimita 60 za kaunta tupu. Hapo ndipo mboga inakatwa na ndipo unatua sufuria, na hapo ndipo watu wengi wanaweka maikrowevu.

Njia ya mtu mmoja iwe sentimita 100. Kama mnapika wawili, 120. Sasa piga hesabu ya jiko jembamba lenye upana wa mita 2: ukiweka makabati ya sentimita 60 pande zote mbili, unabakiwa na 80, na mlango wa kabati ukifunguliwa hapapitiki. Jiko la namna hiyo lijengwe upande mmoja tu, na upande wa pili uwe na rafu nyembamba za sentimita 20 au 25 za vikombe na makopo.

Kumbuka upepo pia. Kusi huvuma kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka, likitokea kusini na kusini-mashariki. Kama uani ambako jiko la mkaa linawashwa kuko upande huo, moshi utarudi ndani kupitia dirisha lilelile unalolitegemea kupooza jiko.

Weka maboksi mahali pa makabati, uishi nayo siku mbili. Ukiruka boksi moja mara kwa mara, makosa si yako, boksi limekaa pabaya.

Umefanikiwa ukiwa umepika mlo mzima ukiwa ndani ya mistari ya chaki bila kumwambia mtu asogee.

## Hatua ya 4: Amua vimo, tena viwili tofauti

Hapa ndipo picha za mtandaoni zinapotudanganya zaidi. Kimo cha kaunta kinachotajwa kila mahali ni sentimita 90, na kwa kukata na kuosha kinafaa. Lakini majiko mengi ya gesi Dar ni yale ya sahani mbili yanayowekwa juu ya meza. Fanya hesabu: kaunta 90, jiko kama 12, sufuria kama 18. Mdomo wa sufuria umefika sentimita 120. Jaribu kusonga ugali wa watu sita hapo. Kiwiko kiko hewani, mwiko unasukumwa kwa bega, na uzito wa mwili hausaidii chochote. Ndiyo maana wapishi wengi wa majiko ya kisasa huishia kuitua sufuria sakafuni na kusongea huko.

Dawa yake ni rahisi: sehemu ya jiko la gesi ishuke hadi sentimita 65 au 75, kutegemea urefu wa mpishi. Kwa sehemu ya kukatia, msimamishe mpishi wima, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha utoe sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo chake.

Usiamini namba hizi mpaka uzijaribu. Pandisha meza juu ya matofali, weka jiko juu yake, songa ugali wa kweli. Ongeza au punguza tofali.

Makabati ya juu yaanzie sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta, yawe na kina cha 30 au 35, ili usijigonge paji la uso ukiinama. Juu ya jiko la gesi usiweke kabati la mbao kabisa. Ukilazimika, acha angalau sentimita 75 kutoka kwenye moto.

## Hatua ya 5: Maji yanayoingia na yanayotoka

Panga kwa siku ambayo maji ya DAWASA hayatoki. Kama una tanki juu ya mnara, kila mita 10 za kimo hukupa presha ya bar 1 tu. Tanki lililo mita 3 juu ya koki linatoa bar 0.3, na koki za kisasa zinazotaka presha kubwa zitadondosha badala ya kumwaga. Muulize muuzaji kuhusu presha kabla ya kuuliza rangi.

Weka koki ya pili chini, sentimita 50 hivi kutoka sakafuni, kwa ajili ya kujazia ndoo na madiaba, na chini yake tundu la kutolea maji sakafuni. Kila bomba la sinki liwe na koki yake ya kufungia, mahali mkono unapofika.

Bomba la maji machafu la sinki liwe la inchi 1½ au zaidi, lishuke takribani sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala, mafuta ya nazi na ya nyama yanaganda humo. Chini ya sinki lazima pawe na mkunjo unaobaki na maji. Fundi akiuondoa "ili maji yaende kasi", harufu na mende wa kwenye chemba watapanda moja kwa moja.

Jaribio: jaza sinki hadi juu, achia maji yote kwa mkupuo, na umulike chini kwa tochi. Kila kiungo kiwe kikavu.

## Hatua ya 6: Gesi na mkaa

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na ikiwa ndani ya kabati lililofungwa hujaa humo ikisubiri cheche. Kwa hiyo kuuficha mtungi kabatini kama ulivyo ni hatari hata kama panapendeza.

Njia bora ni mtungi kukaa nje, kwenye kibanda kidogo cha wavu chenye kivuli, mbali na tundu la chemba, na gesi kuingia kwa bomba la shaba linalopita ukutani ndani ya kasha lake. Mpira usipitishwe ukutani. Kama hakuna nje, kama ilivyo kwenye ghorofa nyingi, mtungi usimame wima kwenye pango lenye matundu ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu, pasipo soketi jirani. Mpira uwe mfupi, usipite nyuma ya oveni, na uangalie tarehe iliyopigwa juu yake.

Kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata. Likitoa mapovu, funga. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima.

Jiko la mkaa libaki uani au barazani. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na dirisha moja halitoshi. Jenga kibaraza chenye kapaa kadogo, nalo liwe sehemu ya mpango, maana maharage yataendelea kupikwa huko upende usipende.

## Hatua ya 7: Umeme

Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba wati 3,000 hivi. Birika peke yake linakula kama 2,000. Ukilichomeka na maikrowevu kwenye ekstensheni moja, waya ndio unaolipa.

Orodhesha vifaa, kisha mpe fundi idadi: soketi ya friji peke yake, laini ya oveni ya umeme peke yake kwa waya wa milimita 6 za mraba, na soketi za kaunta zikiwa sentimita 15 juu ya kaunta na angalau 30 kutoka ukingo wa sinki. Dai kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Taa iwe mbele ya anayekata mboga. Ikiwa nyuma yake, atakata kwenye kivuli chake mwenyewe.

Piga picha kuta zote kabla hazijapigwa plasta, futi kamba ikionekana kwenye picha. Siku ya kutoboa kwa ajili ya rafu utajua nyaya zimepita wapi.

## Hatua ya 8: Msingi wa makabati

Nyumba zetu hupigwa deki kwa maji. Makabati mengi yanayouzwa tayari yametengenezwa kwa ubao wa unga wa mbao, na ubao huo ukinywa maji unavimba. Angalia makabati yaliyomaliza mwaka: juu bado yanametameta, ila vidole vitatu vya chini vimetutumka kama mkate uliolowa, ngozi imebanduka pembeni na mlango unakwaruza sakafu.

Kwa hiyo jenga kwanza kitako cha tofali na zege, kimo cha sentimita 10, kikae nyuma ya uso wa kabati kwa sentimita 6 hivi ili vidole vya miguu vipate pa kuingia. Kifunike kwa vigae, kisha kabati likae juu yake. Deki ipigwe, maji yatagonga kigae.

Maoni yangu, ambayo maseremala hawayapendi: makabati ya chini yajengwe kwa kuta za tofali na slabu ya zege juu, kisha yawekewe milango tu. Hayavimbi, mchwa hawayali, na yanabeba uzito wowote. Slabu imwagiliwe maji siku 7 kabla ya kuwekewa vigae au granaiti. Kama unavunja sakafu, piga dawa ya mchwa kwenye udongo kabla ya kumwaga zege.

Vigae vya sakafu viwe visivyoteleza vikilowa. Ongeza asilimia 10 ya vipimo kwa ajili ya kukata na kuvunjika.

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kuanza kazi hii. Plasta inachelewa kukauka na mbao zinakuja mbichi.

## Hatua ya 9: Sasa mwite seremala

Mpe orodha ya hatua ya 2 na vimo vya hatua ya 4. Apime baada ya vigae kukauka, kwa sababu ukuta uliopigwa plasta na vigae si ule wa mwanzo.

Mninga, mkongo na mtiki vinadumu, bei yake unaijua. Paini iliyotiwa dawa inatosha kwa milango ikipakwa rangi vizuri pande zote, na ndani pia. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, aluminiamu ina raha zake, ila bawaba na skrubu ziwe za chuma cha pua, la sivyo chumvi itazila ndani ya muda mfupi. Maseremala wa Keko wako wa kila kiwango. Omba kuona kabati alilotengeneza mwaka jana, lililo kwenye nyumba ya mtu. La dukani halijawahi kuona maji.

Chini, chagua droo badala ya milango pale penye sufuria. Ghali, ndiyo. Lakini kabati lenye kina cha sentimita 55 na mlango lina nusu ya nyuma ambayo hutaiona hadi siku ya kuhama. Ziba kwa silikoni kila ufa kati ya kaunta na ukuta, na kati ya kabati na ukuta. Ufa ni nyumba ya mende.

## Hatua ya 10: Kupokea kazi

Andikianeni malipo kwa awamu, kila awamu na kazi yake, na bakiza sehemu ya mwisho mpaka jiko litumike wiki mbili. Kabla ya kulipa: fungua kila mlango na droo kwa pamoja uone kama vinagongana, weka pimamaji kwenye kaunta, mwaga ndoo ya maji sakafuni uone yanaelekea kwenye tundu, rudia povu la sabuni kwenye gesi, washa birika na friji kwa wakati mmoja.

Rudisha vyombo kwa kufuata orodha, na rafu za ndani ziachwe bila kupigiliwa mwezi wa kwanza, zikae juu ya vishikizo vinavyohamishika. Mpishi atazipandisha na kuzishusha mara kadhaa. Akishaacha kuzigusa, ndipo fundi aje kuzikaza.